Zumbe wa Miaka Mitano

Siku walipomkalisha mdogo wangu kwenye kiti cha marehemu baba, alikuwa ametapika uji mara mbili. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemfuta. Alikuwa na miaka mitano na homa haijamtoka. Walimvika koti la baba lililomfika vifundoni, mikono wakaikunja mara nne. Kiti kilikuwa kirefu, kwa hiyo miguu ilining'inia. Mzee mmoja akasema haipendezi zumbe kuning'iniza miguu kama mtoto, wakaenda kutafuta sanduku la sabuni, wakaliweka chini ya nyayo zake na kulifunika ngozi ya mbuzi.

Kama mtoto, alisema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hasira niliyokuwa nayo asubuhi ile sijawahi kuiweka chini hadi leo.

Baba alikuwa zumbe wa mlima wetu, upande wa njia ya kwenda Mtae. Zumbe alikuwa mtawala wa vijiji kadhaa, chini ya mfalme wa Washambaa. Zamani, walivyotusimulia wazee, zumbe akikohoa watu walikaa kimya. Baba alikikuta kiti hicho kimeshaoza. Serikali ya Mwingereza ilitaka watu walime matuta kwenye kila mteremko ili udongo usimomonyoke, na baba ndiye aliyepewa kazi ya kuwalazimisha. Wanawake walilima matuta kwenye mvua, wenye mimba na wasio na mimba. Asiyelima alipelekwa barazani kwa baba. Watu walisema kwa sauti ya chini kwamba baba ameharibu nchi. Hata mvua ilipochelewa walimlaumu yeye. Alipofariki, wengi walikuja kuzika, lakini niliona nyuso zao na hazikuwa nyuso za watu waliofiwa.

Baba aliacha watoto wa kiume watatu. Mkubwa alikuwa kuli bandarini Tanga. Walipomfuata aje arithi kiti, alijibu kwamba Uhuru unakuja, viti hivi vitachomwa kuni, na yeye hataki kuwa amekikalia kimoja siku hiyo. Wa pili alikuwa mkaidi, aligombana na kila mzee, nao hawakumtaka. Akabaki wa mwisho, niliyezaliwa naye tumbo moja.

Nilipokuwa mtu mzima niliwahi kumwuliza mmoja wa wazee wale, kabla hajafa, kwa nini walichagua mtoto anayekojoa kitandani. Hakuona aibu. Alinijibu kwamba mtoto hakatazi.

Wa kwanza kulielewa jambo hilo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa karani katika shamba la mkonge huko chini, karibu na Mombo. Alipanda mlimani kwa ajili ya matanga ya baba, na hakurudi tena. Alikuwa na miwani, na kalamu mbili mfukoni. Alizungumza Kiswahili cha ofisini ambacho wazee wetu, waliozoea Kishambaa, walikisikiliza kama watu wanaosikiliza mahubiri. Siku ya kumkalisha mdogo wangu yeye ndiye aliyesimama nyuma ya kiti, mkono juu ya bega la mtoto.

Wazee walipita mmoja mmoja wakainama. Kwetu shikamoo si mchezo. Mtoto asiyemwamkia mkubwa hupigwa, na mkubwa asiyeitikia hujulikana kwamba ana kinyongo. Siku ile niliona wazee wenye mvi wakimpa shikamoo mtoto wa miaka mitano. Kila walipomwamkia, mjomba aliminya bega, na mtoto akasema marahaba. Akisahau, aliminywa zaidi. Zamu yangu ilipofika nilisimama nimefumba mdomo. Mama akanisukuma mgongoni. Nikasema shikamoo. Mdogo wangu alinitazama kwa macho ya homa, akataka kushuka aje nimbebe. Mjomba akaminya.

"Marahaba," akasema, na machozi yakamtoka.

Watu walisifu kwamba zumbe ana huruma, amemlilia baba yake.

Tangu siku ile walimchukua mdogo wangu kutoka kwetu ingawa tulilala nyumba moja. Alikatazwa kwenda mtoni, kwa sababu zumbe haogi na watoto wa watu. Alikatazwa kupanda miti ya mapera. Alikatazwa kula kwa jirani. Hakupelekwa shule, maana mjomba alisema zumbe hafundishwi na mtu wa chini yake. Mimi nilikuwa nimesoma miaka minne Gare kwa shangazi yangu aliyeolewa kule, kwenye shule ya misheni, na baada ya msiba mama alinirudisha nyumbani nimsaidie. Jioni nilijaribu kumfundisha herufi kwa mkaa kwenye kigae. Mjomba alikiona kile kigae akakivunja kwa kisigino, akaendelea na safari yake ya chooni.

Kila Jumatano palikuwa na baraza. Mtoto alikalishwa tangu asubuhi mpaka ukungu unaposhuka mchana. Watu walileta mashauri ya mipaka, ya mahari, ya mbuzi waliokula mahindi. Mjomba alisikiliza, akainama kwenye sikio la mtoto kana kwamba anamwuliza, akainuka na kusema, Zumbe amesema hivi. Mara nyingi mtoto alikuwa amelala. Siku moja alijikojolea, mkojo ukatiririka kwenye ngozi ya mbuzi mpaka chini, na baraza zima likajifanya halioni. Shauri la mpaka likaendelea.

Jioni zile alikuwa akinijia jikoni ninapomenya viazi, akachuchumaa karibu na moto, na kuniuliza.

"Dada, leo nimesema nini?"

Nikamweleza. Leo umesema fulani atoe dume la mbuzi. Leo umesema vijana wote wa upande wa juu waje kulima shamba la zumbe siku tatu. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayeambiwa habari za ndugu yake wa mbali. Halafu aliuliza kama yule mtu alikasirika. Mara nyingi nilisema hapana. Nilikuwa namdanganya.

Shamba la zumbe lenyewe halikuwa la zumbe. Lilikuwa shamba la mjomba. Vijana walilima viazi vyake na maharage yake huku wakimtukana mdogo wangu. Niliwasikia nilipowapelekea maji. Walisema kitoto kile kimezaliwa na roho mbaya ya baba yake. Nilitua ndoo, nikataka kusema, lakini nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na pale palikuwa na wanaume kumi na tano wenye majembe.

Sasa niseme habari za karatasi.

Chini ya kijiji chetu kuna bonde lenye maji mwaka mzima. Hata kiangazi udongo wake ni mweusi na umelowa. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake kidogo pale, cha magimbi na miwa na mboga, na mvua zikikosekana juu, watu waliishi kwa bonde lile. Halikuwa la mtu mmoja. Kipande kizuri kuliko vyote, karibu na chemchemi, kilikuwa cha mjane mmoja ambaye sisi tulimwita mama mlezi. Mama yangu aliugua sana baada ya kumzaa mdogo wangu, maziwa yakakauka, na mjane huyu, ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa amekufa kichanga, alimnyonyesha mdogo wangu akambeba mgongoni miaka miwili. Mdogo wangu alijifunza kutembea kwa kushika kanga zake. Hata alipokuwa zumbe, mama mlezi ndiye mtu pekee aliyekuwa akimpenyezea gimbi la kuchoma na kumwambia ale haraka kabla hajaonekana.

Jumatano moja mjomba alikuja barazani na karatasi aliyoiandika mwenyewe. Aliwaambia wazee kwamba ni barua kwa bwana shamba wa Lushoto, ya kuomba bonde lilindwe, maji yasiharibiwe. Akasoma kwa sauti. Wazee wakatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimeleta kibuyu cha togwa, na karatasi ilikuwa mezani, wino haujakauka. Nilimimina togwa polepole kuliko inavyotakiwa. Maandishi yake yalikuwa mazuri, ya karani, hayana utata. Yalisema kwamba Zumbe, kwa ridhaa ya wazee wake, amempa mjomba wake bonde lote, kutoka chemchemi hadi daraja la magogo, liwe mali yake na ya watoto wake.

Nilimtafuta mama nyuma ya nyumba. Nilimweleza nilichosoma, neno kwa neno. Mama aliendelea kupepeta mahindi. Nilirudia. Ndipo aliponiambia ninyamaze, kwamba mjomba ni kaka yake, kwamba bila yeye watoto wa wake wenzake wangetufukuza siku nyingi, na kwamba kusoma kwangu Gare hakukuwa kwa ajili ya kuwapeleleza wakubwa. Mama yangu alikuwa mwanamke mwema. Nimejaribu kumsamehe neno lile. Sijaweza.

Nikaenda kwa mdogo wangu. Wazee walikuwa wametoka kunyoosha miguu, naye amekaa peke yake kwenye kiti. Nikamnong'oneza kwamba watamwambia atie dole kwenye karatasi, na akitia, mama mlezi atanyang'anywa magimbi yake. Nikamwambia akatae.

"Naweza kukataa?" aliuliza.

Nikamwambia yeye ni zumbe. Mungu anisamehe, nilimwambia hivyo.

Waliporudi, mjomba alifungua kikopo cha wino wa muhuri. Mdogo wangu akaficha mikono ndani ya lile koti kubwa. Akasema hataki. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kishambaa, kisha akarudia kwa Kiswahili, labda alidhani barua ya Kiswahili inahitaji kukataliwa kwa Kiswahili. Wazee wakacheka kwa upendo, kama unavyomcheka mtoto anayekataa kunawa uso. Mjomba naye alicheka. Alipiga magoti, akaukunjua mkono wa koti taratibu, akakishika kile kidole, na kukibonyeza kwenye wino na kisha kwenye karatasi. Mtoto alijitupa nyuma, na sanduku la sabuni likapinduka. Mjomba alikuwa ameshamaliza. Alikuwa akiipuliza karatasi ikauke.

Nilisimama mlangoni na kibuyu mkononi. Sikukitupa wala sikupiga ukelele. Hasira yangu nyingine, ile ninayojikasirikia mwenyewe, ilianza pale mlangoni.

Mwezi uliofuata mjomba aliweka uzio wa miti ya miwati. Mama mlezi alipokwenda kwenye kipande chake alizuiwa na vijana. Akapanda hadi nyumbani kwetu, akataka kumwona Zumbe. Mjomba alitoka akamwambia Zumbe ndiye aliyetia dole, akamwonyesha karatasi kwa mbali. Mama mlezi hakujua kusoma, lakini dole alilijua. Lilikuwa dogo mno, hakuna mwingine mlimani pale ambaye lingeweza kuwa lake. Mdogo wangu aliisikia sauti yake, akatoka mbio, akamkimbilia na kushika kanga yake kama zamani. Yule mama aliikunja kanga na kuivuta kutoka mikononi mwake. Akateremka mlima bila kugeuka.

Jioni ile mdogo wangu hakuniuliza amesema nini. Hakuniuliza tena kamwe.

Uhuru ulikuja Desemba, wakati wa mvua za vuli. Mjomba alimpeleka mdogo wangu Lushoto mjini kushuhudia, nami nikaenda ili kumwangalia. Tulishuka kwa miguu hadi penye lori, tukafika mjini tumelowa. Kulikuwa na ngoma, bendera mpya, na watoto wa shule waliovaa sare wakiimba. Mjomba alikuwa amemvika mdogo wangu koti lile lile, limepunguzwa kidogo, akitegemea ataitwa jukwaani pamoja na wakubwa. Hakuitwa. Tulisimama katikati ya umati na watu wakatukanyaga miguu. Mjomba alitazama jukwaa kwa muda mrefu. Niliyaona macho yake yakipima nani amekaa wapi. Halafu akaniachia mkono wa mtoto, akaniambia tumsubiri kwenye duka la Mhindi, akapotelea kwa vijana wa chama waliokuwa wakiratibu shughuli. Tulisubiri mpaka jioni. Aliporudi alikuwa na kadi mpya mfukoni, karibu na zile kalamu, na tangu siku hiyo akaanza kumwita kila mtu ndugu.

Amri ya kuondoa machifu haikuchelewa sana. Barua ilipofika kijijini, aliyeisoma mbele ya watu alikuwa mjomba. Alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea ile nyingine. Safari hii alisoma kilichoandikwa, maana kilimfaa. Akasema siku za unyonyaji wa kikabaila zimekwisha, sasa sote ni sawa. Watu walipiga makofi. Mdogo wangu alikuwa bado amekaa kwenye kiti. Mjomba akamwinua kwa kwapa, akamweka chini, akakibeba kiti mwenyewe na kukitoa nje. Nilisikia baadaye kwamba kilikaa kwake sebuleni miaka mingi, kimewekewa mto.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Alikuja akasimama karibu nami. Watu walikuwa wakiimba.

"Sasa naweza kwenda mtoni?"

Nikamwambia anaweza. Alivua koti pale pale, akaliacha chini, akaondoka na kaptula. Alirudi baada ya muda mfupi, kichwa kinavuja damu. Watoto waliokuwa wakioga walimpiga mawe. Walimwita mla bonde.

Ningependa kusema kwamba mambo hayo yalipita, kwa kuwa watoto husahau. Hayakupita. Alianza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa, na kila aliyekuwa na kisasi na baba yangu, au na mjomba, alikilipiza kwake kupitia watoto wake. Walimwekea mavi ya ng'ombe kwenye kiti cha darasani. Wakubwa hawakuwakataza. Alipopita njiani na kuamkia, wapo waliomwitikia na wapo waliotazama pembeni. Mama mlezi alitazama pembeni. Mdogo wangu aliendelea kumwamkia kila siku aliyokutana naye, miaka na miaka, na hakuitikiwa. Nilimwambia aache. Alisema yule ni mama.

Mimi nilirudi shule, nikasoma, nikawa mwalimu. Nilipangiwa Lushoto mjini. Mdogo wangu alimaliza la saba akaenda Shume, kwenye msitu wa serikali, akawa kibarua wa kupanda miche ya misindano. Alipenda kazi ile. Aliniandikia kwamba mche hauulizi wewe ni mtoto wa nani. Msimamizi wake alimpenda na akampendekeza kwenda kusomea ubwana misitu. Ilihitajika barua kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji chake, ya kuthibitisha tabia.

Wakati huo vijiji vya Ujamaa vilikuwa vimeshaanzishwa, watu wa nyumba zilizotawanyika wamesogezwa pamoja juu ya mgongo wa mlima, na bonde limetangazwa kuwa shamba la kijiji. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mjomba. Uzio wa miwati uling'olewa kwa sherehe. Sasa watu wote walilima bondeni kwa zamu, kengele ikigongwa asubuhi, na aliyegonga kengele ni mwanawe. Mjomba alivaa suti ya kola fupi kama viongozi wote. Aliandika barua ile kwa mwandiko wake mzuri, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi na kumkabidhi mdogo wangu mkononi. Mdogo wangu akaibeba mwenyewe kutoka kijijini hadi Lushoto, siku nzima ya safari, na hakuifungua, kwa sababu alifundishwa na misheni na mimi pia kwamba barua ya mtu haifunguliwi.

Karani aliyeipokea alikuwa amesoma nami. Alinionyesha. Ilisema kwamba kijana huyu anatoka katika ukoo wa kikabaila, aliwahi kutawala na kuwanyang'anya wananchi ardhi ya bonde, na hafai kupewa dhamana.

Wiki hiyo hiyo nilipanda lori mpaka kijijini, siku ya mkutano. Sikumwambia mdogo wangu. Watu walikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume upande huu, wanawake upande ule, ukungu unapita kati yao. Nilinyoosha mkono. Mjomba alinipa nafasi kwa heshima zote, akinitambulisha kuwa Mwalimu, binti yetu. Nikasema yote. Nilisema karatasi ilisomwaje na iliandikwaje. Nilisema nani alishika kidole cha nani. Nilisema mpaka mwisho, na hakuna aliyenikatiza.

Mjomba alivua miwani akaifuta. Alizeeka vizuri, alikuwa na uso wa mtu anayeaminika.

"Mwalimu ni msomi, siwezi kubishana naye," alisema. "Nauliza jambo moja tu, mwanangu. Kwenye karatasi hiyo kuna dole la nani?"

Mtu mmoja nyuma akasema, la Zumbe, na watu wakacheka. Hawakucheka sana. Walicheka kidogo, kama watu wanaotaka kwenda nyumbani. Mjomba akavaa miwani, akasema ajenda inayofuata ni zamu za palizi ya maharage.

Nililala kwa mama usiku ule. Asubuhi nilikwenda kwa mama mlezi. Alikuwa ameshazeeka, amekaa kwenye kigoda akichambua mboga. Nikampa shikamoo akaitikia, maana mimi hakuwa na kinyongo nami. Nilimwuliza kama jana alikuwepo mkutanoni. Alikuwepo. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza, sasa kwa kuwa ameujua ukweli.

Aliendelea kuvunja mabua.

"Ukweli niliujua tangu siku ile, mwanangu. Nani asiyejua? Mtoto wa miaka sita anajua nini cha bonde? Tulijua wote. Lakini mjomba wako ukimchukia anakuumiza. Yule mtoto ukimchukia hakufanyi kitu."

Nikamkumbusha kwamba alimnyonyesha. Akasema ndiyo, alimnyonyesha. Akasema hilo ndilo linalomfanya ashindwe kumtazama, na kwamba ningekuwa nimezaa ningeelewa. Nilikuwa nimezaa. Sikuelewa. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima mwingine, na njia nzima nililia kwa ghadhabu. Miaka yote nilikuwa nimemchukia mtu mmoja, nikidhani wengine wamedanganywa. Kumbe mlima mzima ulikuwa umeketi kwenye nyasi ukijua.

Mdogo wangu hakupata nafasi ya kusoma. Alibaki kibarua Shume, akapanda miche kwa miaka ishirini na zaidi, akaoa binti wa huko huko, akapata watoto wanne. Ana shamba la kabichi na miti ya plamu, mali yake halali. Kwenye mikutano hukaa nyuma kabisa, hata kwenye arusi ya bintiye ilibidi avutwe mkono kuja meza ya mbele. Hajawahi kutia dole wala sahihi mahali popote kabla hajasoma karatasi mara mbili, na akishasoma humpa mkewe asome. Watoto wake hawajui kwamba aliwahi kuwa zumbe. Mmoja alirudi kutoka shuleni akauliza machifu walikuwa watu gani, na mdogo wangu akamjibu kwamba walikuwa watu wa zamani.

Nilimgombeza kwa hilo. Nilimwambia anawaficha watoto wake dhuluma aliyotendewa. Alinijibu kwa upole kwamba hasira ninayo mimi ya kutosha watu wawili.

Mjomba alipokufa, alizikwa kwa heshima. Walikuja watu wa wilayani, hotuba zikasomwa, wakasema alikuwa nguzo ya maendeleo tangu enzi za kupigania Uhuru. Mdogo wangu alitoka Shume kwa miguu na gari, akashika jembe na kuchimba kaburi pamoja na vijana. Alipopita kwangu Lushoto, magoti yake bado yana udongo mwekundu, nilimwuliza amewezaje.

"Mtu akifa anazikwa, dada," alisema, akaomba maji ya kunawa.

Nikampa maji. Mimi sikwenda msibani. Siku ile nilikaa nyumbani nikasahihisha madaftari ya darasa la tano mpaka yakaisha, na waliponitumia ujumbe kuuliza kama naumwa, nikawaambia mimi ni mzima kabisa.